Timu yetu ya raga ya watu 13 Uyole: Jumamosi vijana hawaji, tunaikuzaje iwe klabu kweli?

MwanaUyole aliandika:

Wakuu habari za jioni, mliopo Mbeya, Iringa, Njombe, Songwe naomba mnisome mpaka mwisho, nimeandika mengi ila hapa mtaani sina mtu wa kumuuliza haya mambo.

Mwaka juzi mwezi wa 8 nilikuwa nazunguka mitumba pale Mwanjelwa natafuta koti, si mnaijua baridi ya kwetu mwezi huo, nikakuta kwenye rundo la midoli kuna mpira wa raga umeisha upepo lakini mzima kabisa, jamaa akaniachia kwa elfu 6. Mimi raga nilianza kuiangalia kwenye simu nikiwa chuo, ile ya Australia ya watu 13, sio ile ya watu 15 ambayo ndo wengi wanaijua, na nilikuwa naipenda mno kwa sababu haina kusimama simama. Nikapeleka mpira kwa fundi baiskeli, akatafuta sindano ya pampu akaujaza, jioni ileile tukaenda watu 5 kwenye uwanja wa shule tukaanza kurushiana mpaka giza likaingia, ndo mwanzo wenyewe huo hakuna kikao wala nini.

Kwa ambaye hajui huu mchezo nieleze kidogo. Mkiwa na mpira mnaruhusiwa kukabwa mara 6. Mtu akikabwa akaangushwa anainuka, anauweka mpira chini anausukuma nyuma kwa mguu, mwenzake anaokota mnaendelea, wanaokaba wamerudi nyuma mita 10. Ikifika ya 6 hamjafunga mpira wanachukua wenzenu, ndo maana ikifika ya 5 mara nyingi mtu anapiga teke kali kule mbele. Pasi ya mkono haiendi mbele hata kidogo. Ukifanikiwa kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wao una pointi 4, na teke la kupitisha juu kati ya nguzo ni 2 zaidi. Kwa kifupi ni hivyo, mtoto wa darasa la 4 anaelewa ndani ya robo saa nimeshajaribu.

Sasa kutoka 5 tukafika 11, tukafika 23 kwenye daftari. Kuna vijana wa bodaboda, kuna mafundi wa gereji, kuna wawili wa chuo, kuna wanaopakia viazi kwenye malori hapa Uyole na kule Isyonje, na hawa wa viazi wakuu nisiwafiche, mtu anayebeba gunia la lumbesa begani toka saa 11 alfajiri ukimpa mpira akimbie nao kumwangusha mnatakiwa watu watatu.

Tatizo langu ni Jumamosi. Mazoezi makubwa niliweka Jumamosi saa 3 asubuhi kwa sababu uwanja unakuwa wazi, wa mpira wa miguu wanaingia saa 9. Wanakuja 7, wakizidi ni 9. Nikaona ni utovu wa nidhamu nikaweka sheria, ukikosa mara 3 bila taarifa unafutwa kwenye daftari. Mpaka sasa nimefuta watu 6, na nikikaa nikiwafikiria hao 6 ndo walikuwa nguzo ya timu, wanne kati yao ni hao hao wa viazi. Niliobaki nao wanawahi kweli lakini timu imelegea na haifurahishi tena kama mwanzo. Inaniuma na sijui nimekosea wapi.

La pili hatuna wa kucheza naye, mwaka wa pili huu tunagawana wenyewe kwa wenyewe. La tatu kuna dogo alivunjika mtulinga mwezi wa 3, mama yake akaja uwanjani analia mbele za watu, toka siku hiyo wazazi mtaani wanatuita timu ya kuvunjana. Tulichangishana matibabu na dogo amepona yupo salama ila jina limeshatoka. Na usajili pia sijui naanzia wapi, mwenyekiti wa mtaa anatuunga mkono lakini na yeye hajui.

Naombeni mawazo ya mtu aliyewahi kulea klabu ya mchezo wowote ule. Hii kitu naipenda na nataka ibaki hata siku mimi nisipokuwepo.

---

Mkongwe wa Iyunga alijibu:

Mdogo wangu MwanaUyole, ndaga kwa kuandika hili, nimesoma nikasimama nikazunguka nyumba kisha nikarudi kukujibu.

Mimi nimeishi West Yorkshire kule Uingereza miaka 4, nilikwenda kusoma na wikiendi nilikuwa nafanya kazi ghalani, na karibu na nilipopanga kulikuwa na klabu ndogo ya raga ligi ya ridhaa, si ya kulipwa, ya mtaa tu. Nilianza kwa kusimama pembeni kuangalia, mwisho nikawa nachora mistari na kukusanya koni. Kwa hiyo nitakwambia nilichokiona na kile wazee wa pale walichonisimulia, na utaona kwamba shida yako ya Jumamosi ndiyo iliyouzaa mchezo wenyewe unaoucheza. Sikutanii.

Miaka ya 1890 raga ilikuwa moja tu, ya watu 15, na wakubwa wake walikuwa London. Kule kaskazini, Yorkshire na Lancashire, waliokuwa wanaicheza ni wachimba makaa ya mawe, watu wa viwanda vya nguo na makuli wa bandarini. Jumamosi ilikuwa siku ya kazi mpaka mchana. Mchezaji akitaka kuwahi mechi ya mbali anaacha zamu, akiacha zamu anakatwa hela, na mtu ana watoto nyumbani. Vilabu vya kaskazini vikasema jamani tuwafidie hawa watu ile hela wanayoipoteza, hatuwalipi kucheza, tunawarudishia chao. Mwaka 1893 hoja ikapelekwa kwenye mkutano mkuu London ikapigiwa kura, 282 wakakataa, 136 wakakubali. Waliokataa wengi wao walikuwa watu wasiokatwa chochote wakicheza Jumamosi, wakasema mchezo ni wa kupenda, asiyeweza aache.

Mdogo wangu soma tena hiyo sentensi ya mwisho halafu uiangalie sheria yako ya mara 3.

Miaka miwili baadaye, tarehe 29 Agosti 1895, vilabu zaidi ya 20 vikakutana George Hotel katika mji wa Huddersfield vikajitoa, vikaanzisha umoja wao wa kaskazini. Fidia waliyoweka ilikuwa isizidi shilingi 6 kwa siku. Ndiyo hivyo tu, shilingi 6 za mtu aliyeacha zamu, hazikuwa hela za utajiri. Hata walipokuja kuruhusu malipo ya wazi mwaka 1898 waliweka sharti kwamba mchezaji lazima awe na kazi yake halali nje ya uwanja. Huko kwenye kubadilisha sheria ili mchezo uwe na mbio zaidi na watu wavutike kuja, mwaka 1906 wakapunguza wachezaji kutoka 15 kwenda 13 na wakaleta huu utaratibu wa aliyekabwa kuinuka na kuusukuma mpira nyuma kwa mguu. Hizi mara 6 zenyewe ni za juzi juzi tu, 1972, kabla ya hapo toka 1966 zilikuwa 4, na kabla ya 1966 hakukuwa na kikomo, timu ilikuwa inaweza kukaa na mpira mpaka watazamaji wanaudhika.

Kwa hiyo hao vijana wa viazi uliowafuta, huu mchezo uliundwa kwa ajili ya watu kama wao. Nenda kawatafute kwa miguu yako mwenyewe, usitume meseji. Waambie nilikosea saa. Waulize wao lori linaondoka saa ngapi, na mazoezi yaanzie hapo.

Ile klabu niliyokuwa najitolea mazoezi yalikuwa Jumanne na Alhamisi jioni, watu wametoka kazini, wengine wana vumbi la kazi usoni bado. Mama mmoja mtu mzima alikuwa anauza chai na vitafunwa kwenye kibanda siku ya mechi, hela hiyo ndiyo ilikuwa inalipa sabuni ya kufulia jezi na nauli ya refa. Baba aliyestaafu uchimbaji anafua jezi 20 kwake kila wiki. Kocha wa watoto alikuwa dereva wa basi. Hakuna aliyelipwa. Nilikaa pale nikahesabu, kwa kila mchezaji mmoja kulikuwa na mtu mwingine asiyecheza ambaye bila yeye siku ile isingeenda. Wewe kwenye andiko lako lote umehesabu wachezaji 23, hujataja hata mmoja asiyecheza. Hapo ndipo naona klabu yako ilipo nyembamba kuliko hata kwenye mahudhurio.

Na kingine, kule Uingereza hata raga ya ridhaa yenyewe ilifika mahali ikawa inazeeka, wakubwa wanaangalia vilabu vya kulipwa tu. Mwaka 1973 watu wa vilabu vidogo wakakutana hukohuko Huddersfield wakaunda chama chao cha ridhaa kinaitwa BARLA, wakajisimamia wenyewe, wakaweka nguvu kubwa kwenye timu za vijana na watoto. Nilipokuwa pale mtoto anaanza na miaka 6. Usisubiri wachezaji wazima waje, anza kuwafuga hapo shuleni mnapochezea.

---

MwanaUyole alijibu:

Mkongwe shikamoo. Nimesoma mara mbili na ile ya pili nimesoma nikiwa nimekaa kitandani nimeshika kichwa. Kumbe nilikuwa nawafanyia wenzangu kilekile walichofanyiwa wale wa 1893, na nilikuwa najiona naweka nidhamu.

Wawili kati ya wale 6 nawajua wanapolala, kesho alfajiri nawafuata huko huko kwenye magunia. Lori za Dar zinamalizwa kupakiwa saa 8 au 9 mchana Jumamosi, baada ya hapo mtu anataka kuoga na kulala. Jumapili asubuhi ni ibada na Uyole makanisa ni mengi, kuna ibada zinaisha saa 7. Nafikiria Jumapili saa 10 jioni ila hapo nagongana na mpira wa miguu uwanjani. Mnaonaje?

---

Ticha wa Kihesa alijibu:

Kamwene kaka MwanaUyole, mimi ni mwalimu wa michezo hapa Iringa, netiboli ndio mchezo wangu lakini miaka 3 sasa nafundisha raga ya kunyang'anyana vitambaa kwa wanafunzi wangu wa sekondari, wasichana na wavulana pamoja. Naomba nikujibu la uwanja, la mama na la wapinzani, maana yote hayo yamenikuta.

La uwanja: usipiganie uwanja mzima. Nenda kwa kocha wa timu ya mpira wa miguu mwambie unaomba nusu uwanja kwa saa moja, wakati wao wanapasha misuli na kufanya mazoezi ya pumzi. Uwanja kamili wa raga ya 13 ni mita 100 kati ya mistari miwili ya kufungia na upana 68, lakini kwa mazoezi huhitaji huo. Na wao wakikuona unakuja kufyeka majani nao, siku ya mechi yako watakupa wote. Mimi nilianza kwa kukata majani na wanafunzi wangu Jumatano mbili mfululizo bila kuomba chochote, wiki ya tatu wakaniuliza wenyewe mwalimu unahitaji uwanja lini. Mistari chora kwa chokaa kidogo au hata majivu, ila majivu yapoe kabisa na uyachekeche, mkaa mdogo mdogo unakata magoti.

La mama: kaka yangu huyo mama hakukosea. Mwanawe aliondoka nyumbani mzima akarudi amefungwa mkono, na inaonekana hakuwahi kuelezwa mtoto anakwenda kucheza nini. Mimi kabla mtoto hajashika mpira napita nyumbani au naita kikao, mzazi anaona mchezo kwa macho, anauliza, anasaini. Halafu wiki 6 za kwanza hakuna kuangushana kabisa. Tunakata vitambaa vya kitenge urefu wa mkono, kila mtoto anachomeka viwili kwenye bukta kushoto na kulia, ukinyang'anywa kimoja umekabwa. Sheria nyingine zote ni zilezile, mara 6, pasi nyuma, kurudi mita. Wanajifunza kukimbia kwenye nafasi na kupasiana kabla ya kujifunza kugongana. Baada ya hapo ndio unafundisha kukaba ukiwa umepiga magoti, kisha kutembea, kisha mbio. Kichwa kinakwenda upande wa nyuma ya mapaja ya unayemkaba, kamwe kisiwe mbele yake. Naomba unijibu hili kwa ukweli, yule dogo aliyevunjika mtulinga alikuwa ameshafundishwa kuanguka?

Na wasichana usiwasahau. Umetaja bodaboda, gereji, viazi, chuo, wote wanaume. Kwangu wasichana ndio wanaoleta mama zao uwanjani, na mama akishakuja akakaa mara mbili huyo hatakuita timu ya kuvunjana.

La wapinzani sasa. Huna 13 wa kucheza na 13 wengine leo, sawa, cheza 9 kwa 9. Ipo kabisa hiyo ya watu 9, muda mfupi, haichoshi, hata kombe la dunia la wachezaji 9 lilishafanyika Australia 2019. Mimi nina wahitimu wangu ambao sasa wako vyuoni hapa Iringa, nikiwakusanya napata 11 au 12. Kutoka Mbeya kuja huku ni zaidi ya kilomita 300, hatuwezi kila mwezi, lakini tunaweza kukutana Makambako katikati kila mtu akabeba nusu ya safari. Shule zikifungwa mwezi wa 6 nikawa huru, mimi niko tayari. Mvua zimeisha, uwanja mkavu, baridi tutavumilia.

---

Kipanga wa Njombe alijibu:

Samahani wadau naomba kuuliza bila ubaya. Raga ya watu 15 ipo Tanzania toka zamani, Arusha wanacheza, Dar wanacheza, ina chama chake. Hii ya 13 inachezwa Australia, kaskazini ya Uingereza, Ufaransa na visiwa vya Pasifiki. Kwa nini kijana asijiunge tu na ile yenye chama tayari akapata makocha na mashindano? Naogopa asije akakaa miaka 10 peke yake pale Uyole.

---

Mkongwe wa Iyunga alijibu:

Kipanga swali lako ni la haki na ni la mtu anayemjali.

Zamani lingekuwa gumu. Baada ya ule mgawanyiko ukicheza ile ya 13 hata mechi moja ulikuwa unafungiwa maisha kwenye ile ya 15, na hali hiyo ilikaa karibu miaka 100, mpaka Agosti 1995 wa upande wa 15 walipokubali na wao wachezaji kulipwa, yaani kilekile walichowafukuzia wenzao. Ufaransa ilikuwa mbaya zaidi, wakati wa vita kuu ya pili serikali ya Vichy, ile ya Wafaransa walioshirikiana na Wajerumani, iliipiga marufuku raga ya 13 kabisa mwaka 1941 na mali zake zikachukuliwa. Leo hakuna hayo. Mtu anacheza hapa na kule na hakuna anayemuuliza.

Kwa hiyo MwanaUyole usijifungie. Waandikie wale wa watu 15, waombe kocha aje wiki moja awafundishe kukaba na kuanguka salama, hilo ni lilelile pande zote mbili. Wakiwa na bonanza pelekeni timu. Lakini kuhusu kuanza na 13 mimi namuunga mkono, na sababu yangu ni ya uwanjani. Ile ya 15 ina mambo ya skramu ya kusukumana kweli, kurushiana mpira kutoka pembeni mtu ananyanyuliwa juu, kugombania mpira chini kwenye rundo la watu, na kila kimoja kinataka kocha aliyebobea vinginevyo ni hatari kwa shingo. Hii ya 13 ina kukimbia, kupasi, kukaba na kuinuka. Fundi gereji asiye na kocha anaweza kuianza salama zaidi. Papua New Guinea ndiyo mchezo wao wa taifa, na wanaoushabikia sana ni wale wa nyanda zao za juu, watu wa milimani wanaolima viazi vitamu. Nilipowaona kwenye luninga mara ya kwanza niliwaza kwetu moja kwa moja.

Na tuko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Siku Dar wakija kucheza Uyole kipindi cha pili mtaona wenyewe.

Kuhusu usajili. Michezo yote nchini iko chini ya Baraza la Michezo la Taifa, BMT, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na kuna Msajili wa vyama na vilabu vya michezo. Wewe huanzii Dar, unaanzia kwa afisa michezo wa halmashauri ya jiji hapohapo Mbeya. Nenda na katiba ya klabu, muhtasari wa kikao cha kuanzisha wenye sahihi, na majina ya wanachama na viongozi. Katiba usinakili ya timu ya mpira ukabadilisha jina tu. Kaeni chini mwandike nani anashika hela, nani anasaini, kiongozi anakaa miaka mingapi na anatokaje. Umesema unataka ibaki siku wewe hupo, basi hicho kipengele cha kiongozi anatokaje kiandike wewe mwenyewe kabla hujapendwa sana.

---

Nesi Tukuyu alijibu:

Nitaandika kidogo ila naomba mlichukulie kwa uzito.

Mtulinga unapona. Kichwa ndo kinachonitisha. Mchezaji akigongwa akayumba, akawa anauliza mambo yaleyale, anaona giza, kichefuchefu, au amepoteza fahamu hata sekunde chache, anatoka na harudi siku hiyo hata kama anasema yuko poa na hata kama ni fainali. Ubongo uliotikiswa ukigongwa tena kabla haujapona mtu anaweza kufa. Akitapika zaidi ya mara moja, usingizi mzito, kichwa kinazidi kuuma au mkono na mguu unakosa nguvu, hospitali muda huohuo usiku huohuo. Asilale peke yake siku ya kwanza. Asipande bodaboda kuendesha, na nyie mna bodaboda wengi kwa hiyo nalisema waziwazi.

Mtu ameanguka anasema shingo inauma au hasikii miguu, MSIMNYANYUE. Najua mtaani kwetu mtu akidondoka watu 6 wanambeba juu juu kwa huruma. Hapana. Mmoja anashika kichwa kisitikisike, wengine wanamfunika koti asipate baridi, mnaita msaada.

Chagueni mtu mmoja asiyecheza ambaye kauli yake ikisema fulani toka, kocha hana la kujibu. Nina Jumapili mbili kwa mwezi sipo zamu, kutoka Tukuyu kuja Uyole ni gari moja, nitakuja kuwafundisha huduma ya kwanza bila malipo.

---

MwanaUyole alijibu:

Wakuu nimekaa kimya wiki nzima kwa sababu nilikuwa natekeleza.

Ticha umeniuliza ukweli nakujibu ukweli, dogo hakuwa amefundishwa kuanguka. Ilikuwa siku yake ya pili, nilimwingiza kwa sababu tulikuwa pungufu. Nimekwenda kwa mama yake Jumatano jioni nikamwambia hivyohivyo, kwamba kosa lilikuwa langu sio la mwanae wala la mchezo. Alinyamaza muda mrefu sana mpaka nikawa nasikia tu maharage yanachemka jikoni, afu akaniuliza hivi huyo mwalimu wa Iringa wa vitambaa atakuja lini nimwone. Hajaruhusu dogo arudi na sijamuomba. Ila Jumapili alikuja akasimama pale kwenye miti mpaka tukamaliza.

Wale 6 nimewafuata wote. Nilikwenda Isyonje saa 11 na nusu alfajiri ukungu hata mkono wako huuoni, nikawakuta wanapakia, nikashika gunia nikapakia nao mpaka saa 3, sikuwa nimepanga ila niliona aibu kusimama nawaongelesha mtu ana mzigo begani. Mkongwe hilo gunia moja limenifundisha kuliko mwaka mzima wa daftari. Wanne wamerudi, mmoja kahamia Tunduma, mmoja kasema atafikiria na nimemwelewa. Mmoja wao ndo aliniambia kwamba zile Jumamosi alikuwa anapita na lori barabarani anatuona tunacheza, anageuza uso.

Sheria ya mara 3 nimeichana mbele yao. Sasa ni Jumapili saa 10 jioni nusu uwanja, timu ya mpira wa miguu wamekubali, tumefyeka nao upande wa bondeni. Na Alhamisi saa 11 jioni kwa wa bodaboda na gereji, anayeweza. Tumeanza mchango wa buku kwa wiki kwa mwenye nacho, na anayeshika hela ni dada anayeuza chapati pale getini, hachezi, ila ameshaanza kutupigia kelele tukichelewa. Jumapili tulikuwa 19, tumecheza na vitambaa tu, hakuna aliyeangushwa, na sijawahi kuwaona wanacheka vile.

Nesi karibu Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, nauli tunalipa sisi hata ukikataa. Ticha tunaomba Makambako iwe wiki ya pili ya mwezi wa 6, 9 kwa 9. Afisa michezo nimeshamwona, amenipa orodha ya vitu vya kuleta, katiba tunaiandika Alhamisi baada ya mazoezi.

Shida iliyobaki ni njumu, watu 19 tuna pea 8, wengine wanacheza na raba na upande wa bondeni unateleza.

---

Kipanga wa Njombe alijibu:

Nina pea 4 za njumu zilizobaki toka timu yetu ya ofisi ivunjike, namba 42 mbili, 43 moja na 44 moja, zina vumbi tu. Kuna mtu anashuka na coaster Ijumaa. Nitumie namba ya huyo dada wa chapati inbox nimwelekeze aje kuzipokea stendi ya Uyole.